Filamu ya Mlevi Ilivyopokelewa Mbale

Baba,

Huko uliko sijui kama habari hufika, lakini hii nataka uipate kwangu kabla mtu mwingine hajaitia chumvi.

Tangu tukuzike, maiki yako ya kutafsiria filamu pale kwenye kibanda cha video cha Masese, hapa Jinja, nimeishika mimi. Mama alinuna wiki nzima. Alisema kazi hiyo ya kupiga kelele juu ya filamu za Wazungu ndiyo iliyokuzoesha waragi. Nikamwambia ulianza kunywa ukiwa bado askari magereza, kabla hujatafsiri hata neno moja. Wateja nao walinipokea shingo upande, eti mwanamke atatafsirije vita? Sasa wamezoea.

Katika kanda ulizoacha nilikuta moja isiyo ya vita, ile ya mwandishi mlevi. Mzungu mzee aliyeandika kitabu kimoja kizuri, kisha akaacha kalamu akashika chupa. Anaingia kwenye harusi akidhani ni ya binti yake, anatoa hotuba ndefu kwa maharusi asiowajua, na watu wanampigia makofi. Niliionyesha Masese Jumamosi mchana. Wanajeshi wa kambini, wateja wako wa siku zote, walicheka hadi benchi likavunjika. Kila mzee akijikwaa walipiga kelele, "Afande huyo! Afande wetu!" Walikuwa wanakutaja wewe, Baba. Hawakuwa na ubaya, walikupenda. Lakini mimi ilinibidi niendelee kuwachekesha. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba basi, baba yangu atakumbukwa hivi, kichekesho cha kibandani.

Ndiyo maana nikaipeleka Mbale kwa Mama Hadija, yule mwenye ukumbi nyuma ya soko uliyekuwa ukimfanyia kazi kila mwisho wa mwezi. Nilitaka watu ambao hawakukuona ukianguka mtaroni waniambie kama hadithi hii ni ya kucheka tu. Nilitafsiri kwa makini, neno kwa neno. Walicheka kidogo pale harusini, kisha wakatulia, hata madereva wa malori wa Kenya ambao huwa hawakosi la kusema. Mwishoni mzee anampigia binti yake simu. Kwa Kiingereza anauliza habari za mvua, anasema labda atakuja Jumapili, anakata. Nikatafsiri hivyo hivyo. Ikaisha.

Wakachachamaa! "Unakata filamu yetu!" Dereva mmoja akasimama kabisa. "Dada, ile pahali mzee naomba mtoto wake msamaha iko wapi?" Nikamwambia haipo, mimi Kiingereza nakijua. Mama Hadija akanijibu kutoka mlangoni, taratibu: "Iko, mwanangu. Afande alituonyesha hii filamu mara mbili. Watu walilia hapa."

Nikawauliza, mzee alisema nini? Wakanipa, huyu neno hili, yule lile, wakisahihishana: "Mwanangu, wewe ndiye ulikuwa nanivua viatu kila siku nikirudi. Hukusema kitu. Mimi niliona. Nisamehe."

Hakuna viatu katika filamu ile, Baba. Binti mwenyewe tunamwona kwenye picha ya ukutani tu. Viatu vilikuwa vya magereza, vyeusi, vizito, kamba zimeganda matope, na aliyevivua nilikuwa mimi, tangu nikiwa mdogo hadi nilipoolewa. Ulikuwa umejilaza kwenye kiti, unakoroma. Sikujua kama ulikuwa macho.

Nilikasirika, nisikufiche. Uliwaambia watu wa Mbale! Madereva! Na mimi nilikuwa Jinja, saa chache tu za barabara, miaka yote hiyo nikingoja hata nusu ya maneno hayo. Ulishindwa nini? Hasira imo, na furaha imo, Mungu anisamehe, na sijui ni ipi inayoniliza.

Wakasema, rudisha nyuma. Nikairudisha kanda hadi kwenye simu. Mzungu akafungua mdomo aulize habari za mvua, nami nikasema maneno yako yote, pamoja na viatu. Kisha yule mzee anabaki na simu sikioni, anasikiliza kwa muda mrefu kabla ya kukata, na sauti ya upande wa pili haitoki. Wewe hapo ulipaacha hivyo hivyo, bila neno, Mama Hadija amenithibitishia. Mimi sikupanga kusema kitu. Nilijikuta tu nimesogeza maiki mdomoni: "Nimesikia, Baba. Nimekusamehe. Njoo nyumbani nikuvue viatu."

Hakuna aliyelalamika kwamba sikutafsiri vizuri.

Pumzika sasa. Jumamosi nairudia kanda hii Masese, mbele ya wanajeshi wako. Harusini nitawaacha wacheke, maana panachekesha kweli. Lakini ikifika ile simu, nakuahidi, nitawaambia ulichosema. Na binti atakujibu.

Mwanao