Bluu Yenye Moto

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Daphrose Nizigama. Umri: miaka 61. Kazi: mushonaji. Makazi: Mutakura, anaishi peke yake.

Mnamo tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, nilimuita fundi Hugues nyumbani kwangu kwa sababu taa zilikuwa zinawaka sana, kisha zinafifia. Moto wa umeme ulikuwa umerudi asubuhi ile ile, nyuma ya siku mbili za giza.

Alifungua kabati ya umeme, akasema waya wa neutre, ule usio na moto, umelegea. Nikamwambia, "Fundi, usiamini rangi. Marehemu mume wangu Libère ndiye alifunga hizi waya, wakati madukani hakuna waya za rangi zingine. Moto aliuweka kwenye bluu. Kata kwanza, halafu upime."

Akacheka. "Apana, mama, bluu ni neutre, haina kitu. Moto tumeungojea siku mbili, leo tuukate tena? Na chai utapikia wapi?" Hakuwa na dharau, alinionea huruma tu. Testeri yake ilibaki mufukoni.

Nikaenda jikoni kuweka chai. Niseme ukweli, nilifurahi. Tangu tumuzike Libère, hakuna mutu alikuwa amekunywa chai kwangu. Nikasikia kishindo. Nilimukuta chini, vidole vimeungua, hasemi. Nikakata moto wote, nikapiga kelele mpaka majirani wakaja.

Kaka yake, Darius, anasema sikumuonya, eti nilimuacha ajiue. Na wewe afande umeniuliza nani alinisikia. Jamani, nani? Libère amekufa. Mutoto wangu Gaël yuko Canada. Mule ndani mi naongea na kuta. Aliyenisikia ni Hugues peke yake, naye mpaka leo amelala hospitali, hajafungua macho.

Ninaenda kukaa naye kila mchana. Darius ananifukuza, ninatoka, akienda ninarudi. Mi namuomba Mungu Hugues aamuke. Akiamuka anikatae, aseme yule mama hakuniambia kitu, munifunge, sawa. Lakini aongee.

Hayo ndiyo ninayoyajua, nimeyasema mwenyewe bila kulazimishwa na mutu.

Sahihi: Daphrose N.

Maandishi ya ofisa: Maelezo yamesomwa mbele ya shahidi, naye ameyakubali. Hakungojea nakala yake. Alisema saa ya kuona wagonjwa imekaribia.