Ngata Chini ya Nyonga ya Baba Shija

Ipole, Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na moyo wangu leo umetulia kidogo.

Daftari langu la kisomo cha watu wazima, nakuambia wewe kwanza. Kidonda cha mume wangu nilikizidisha mimi.

Tangu Baba Shija aanguke mtini akishusha mzinga wa nyuki, miguu yake haisikii kitu, analala tu. Kidonda cha kulalia kilipomtoka nyongani, niliisokota kanga yangu ya harusi nikafanya ngata, kama ile ya kubebea maji kichwani. Nikamwekea chini yake, kidonda kikae kwenye tundu, kisiguse kitanda.

Nilijiona nina akili!

Kumbe ngata inabana, damu haipiti. Muuguzi wa zahanati kanieleza leo asubuhi, wala hakunifokea. "Dawa ni kumgeuza, mwanangu. Kila ukisikia kengele ya shule, mgeuze."

Zahanati hawatutozi kitu. Lakini shashi za kufungia kidonda zimewaishia, mpaka zikanunuliwe Tabora, na lori la Tabora halipandwi bure. Sabuni inakwisha kama inalambwa. Debe la asali tulilosema litatuletea bati limekwenda hukohuko. Na nikibaki nyumbani kumgeuza, shamba la kijiji silimi, na asiyelima hana fungu wakati wa mavuno. Shija atakula nini?

Hilo ndilo lililoniliza.

Alasiri balozi wetu wa nyumba kumi akaja kuuliza mbona sionekani shambani. Nikampa shikamoo yake, nikamfunulia kidonda.

"Mama Shija, huyu naye ni shamba letu," akasema. "Wenzako watapokezana kumgeuza asubuhi, wewe ukalime. Fungu lako lipo."

Baba Shija akadakia kitandani, "Sawa balozi, ila wasije wakanipalilia kwa jembe!"

Tukacheka, mimi na machozi yangu usoni.

Kidonda bado kina shimo. Pesa za kununulia shashi za mwezi ujao sijui nitazitoa wapi. Ila nimeifungua ile ngata, nimeichana kanga katikati. Nusu nimeichemsha, iwe vitambaa vya kidonda. Nusu nimeisokota upya.

Kesho kengele ya kwanza ikilia nitamgeuza mwenyewe, taratibu. Kisha ngata naiweka mahali pake, kichwani, niende kisimani.