Kompyuta Iliyolala Bibi Akisimulia

Jumamosi, Newala. Ukungu haujatoka tangu asubuhi, na mimi nimefura kwa hasira.

Kompyuta hii ninayoandikia, ningekuwa na moyo ningeitwanga kwenye kinu.

Jumatatu nampeleka Bibi, mama yake mama, hospitali ya Ndanda akapasuliwe koo. Daktari hakutuficha: sauti huenda isirudi. Na ni yeye peke yake aliyebaki anayeujua ukoo wetu wa upande wa mama, nani kamzaa nani, walitoka wapi hadi kufika Mnyambe, nani kazikwa wapi. Basi leo nikamwomba anisimulie, nirekodi.

Kasimulia saa nzima, sauti inakwaruza, kila baada ya maneno machache anameza mate kwa uchungu. Mimi nimekaa mkekani, mikono mapajani, kimya. Mkubwa akisema hugusigusi vitu, ndivyo nilivyolelewa. Kioo kilipozimika nilikiona. Nikajua ni kioo tu.

Kumbe imelala yote!

Mashine hii ikikaa dakika kumi bila kuguswa inahesabu hakuna mtu, inajilaza kutunza betri. Kurekodi nako kunakatika hapohapo. Haijali masikio, inajali vidole. Shenzi kabisa! Tangu nchi ifungulie biashara ya nje tunaletewa kila mtumba uliowachosha wenzetu, nasi tunashangilia.

Lakini nani aliyeiwekea hizo dakika kumi? Mimi. Umeme wenyewe wa sola, nikajiona mjanja, nabana matumizi. Nusu ya hasira hii ni yangu mwenyewe, na ndiyo inayoniuma zaidi.

Nimebakiwa na dakika kumi. Za mwanzo ni mimi najaribu: "Moja, mbili, moja, mbili." Zilizobaki, Bibi ananiuliza kama nimekula, anakohoa, anapumzika, kisha anataja jina la mama yake. Basi.

Nilipomweleza hakunigombeza. Alinitazama, akauliza, "Kwa hiyo, Mama Fatu, ilivyoona tumetulia ikadhani tumekufa?"

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akashika koo kwa mikono miwili. Nikatoka nje nikalia.

Nimeshaiondolea mpango wa kujilaza. Sasa itakesha hadi betri imalizike, liwalo na liwe. Imebaki kesho tu. Akisimulia tena ataumia, tena sana. Na namjua Bibi yangu, nikimwomba hatakataa.

Nimwombe?