Chumba Changu Si Ofisi ya Rodel

Divina,

Wali uko kwenye sufuria. Samaki mkavu nimemfunika, paka asimwone. Saa sita fundi Nestor atarudisha kitanda changu mlichompa. Mfungulie, na meza ya mumeo Rodel iwe imeshatoka.

Naenda Dumaguete kwa dada yangu wiki moja tu, narudi nakuta chumba changu kimepakwa rangi ya kijivu kama benki! Asubuhi nimeingia kubadilisha nguo kama siku zote. Rodel akaruka: “Mama, niko kwenye mkutano wa video! Wakubwa wangu wanakuona!”

Nikamwambia, “Basi waambie wageuke.” Nikavua blauzi.

~~Anaweza kubaki na kona ya dirishani.~~ Hapana. Akafanyie kazi bandani na kuku.

Naenda kanisani, na si kuwaombea ninyi.

Rodel simlaumu sana, hakujua. Wewe ulijua baba yako alikata roho kwenye kitanda kile, mkono wake mkononi mwangu. Jirani kaniambia kuwa mlipokitoa, wewe ndiye uliyeshika upande wa kichwani. Tena ulikuwa unacheka.

Mama yako,
mwenye nyumba