D Haifi

Jumapili, 8 Septemba 2024

Daftari jipya. Lile la zamani limejaa fomula za fizikia hadi kwenye jalada. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa nyumbani ni mimi tu ninayekisoma. Hooyo, mama yangu, akilifungua atadhani ni kazi ya shule, atalifunga.

Mtihani wa Kidato cha Nne unakuja. Wa kompyuta una sehemu tatu: karatasi, vitendo na mradi. Mradi ni mfumo ambao kila mmoja anaujenga mwenyewe. Unakabidhiwa Ijumaa tarehe 27 mwezi huu, umechapishwa na kuchomwa kwenye sidii. Asiyekabidhi hana gredi ya kompyuta. Hakuna majadiliano.

Tangu Februari hatuna mwalimu wa kompyuta. Alihamishwa, akarudi Kenya — ndivyo tunavyosema hapa Garissa, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Alituachia kanuni mbili ubaoni na hakuna aliyethubutu kuzifuta. Ya kwanza: usile maabarani. Ya pili: hifadhi kazi yako kwenye diski D; C ikifa, D haifi. Ufunguo sasa anao Mwalimu Mahat wa fizikia. Anasema mwenyewe kwamba kompyuta anaijua mpaka pale pa kuiwasha. Kwa hiyo mkuu wa maabara ni mimi. Mimi! Ambaye nikiulizwa jina langu mbele ya watu, sauti hunikwama.

Mashine ni kumi, zinazowaka ni sita. Namba nne ndiyo mgonjwa kuliko zote. Virusi vya flashi. Ndiyo maana muhula uliopita niliomba flashi zipigwe marufuku, na zikapigwa. Nimesoma kuhusu Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta — virusi hivi vyetu haviiwezi. Nimeipakua pale saiba, saa tatu nzima. Kesho nitaomba ruhusa ya kuiweka kwenye namba nne.

Jumatatu, 9 Septemba

Nilifanya mazoezi ya sentensi yangu tangu nyumbani hadi mlango wa ofisi. Mwalimu Mahat hakuinua hata kichwa. Alisema namba nne tayari ni maiti, nani atakuuliza ukiizika? Nimelichukua jibu hilo kuwa ndiyo.

Jumatano, 11 Septemba

Imekubali! Namba nne inawaka kwa sekunde arobaini. Nilihesabu. Zamani ungeweza kuswali ukarudi, bado inazunguka.

Katikati iliniuliza kama nataka kufuta diski. Nilisita. Kazi ya Saynab iko kwenye mashine hii, kwenye D. Lakini diski inayofutwa ni C, na D haifi. Nikabonyeza ndiyo, moyo umetulia.

Wasichana walijaa nyuma yangu. Hinda akasema, "Naa Ardo, umekuwa injinia! Sasa nani atakuoa? Labda kibodi." Walicheka. Hata mimi nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka darasani.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo namba nne haikupumzika. Kila mtu alitaka kuijaribu. Niliiongezea programu, nikabadilisha picha ya skrini, nikawaonyesha michezo.

Kisha Saynab akaketi. Yeye ni wa Liboi, mpakani na Somalia, anakaa hapa mjini kwa eeddo yake, shangazi upande wa baba. Ana miaka ishirini kwa sababu alianza shule amechelewa. Anaandika kwa vidole viwili. Mradi wake ni rekodi za ngamia wa soko la mifugo: ngamia mia mbili na arobaini, mwenyewe ni nani, anatoka kisima gani, na alama ya chuma aliyopigwa. Alama alizichora moja moja kwa kipanya. Likizo mbili alikuwa sokoni, katikati ya mavumbi na wazee wanaomfukuza.

Aliuliza, akiniita dada kama kawaida yake, "Abaayo, D iko wapi?"

Nikasema iko, ila Linux haijaionyesha. Nitaifungua kesho.

Nimeitafuta hadi kengele ya mwisho. Sijaiona.

Ijumaa, 13 Septemba

Baada ya swala nilikwenda soko la Suuq Mugdi, kwa Guleid. Ni mtoto wa eeddo yangu, anatengeneza simu. Nilimweleza kwa kifupi, kama habari ya mtu mwingine.

Alichora duara kwa kidole juu ya kioo cha meza yake. "Diski ni mkate mmoja wa anjera, Ardo. C na D ni mstari wa kisu tu. Ulipoambiwa futa, umekula zote mbili."

Nikasema mwalimu alituambia D haifi.

"Haifi C ikiugua. Wewe hukumtibu mgonjwa. Umechoma nyumba."

Akauliza kama mashine imetumika baada ya hapo. Nikasema kutwa nzima ya jana. Programu, picha, michezo. Akafuta lile duara kwa kiganja. Akasema kila tulichoongeza kimeandikwa juu ya kilichofutwa.

Amenipa programu ya kufukua faili zilizofutwa. Amesema nisitarajie.

Jumamosi, 14 Septemba

Nilikuwa maabarani tangu asubuhi, peke yangu. Joto kama ndani ya jiko. Programu ilifukua faili elfu tatu na zaidi, zote bila majina, namba tupu. Nimezifungua. Mitihani ya mwaka 2017. Kaswida. Nusu ya picha ya harusi ya mtu nisiyemjua. Vipande.

Faili moja lilikuwa na ukubwa wa kufanana na rekodi za Saynab. Nililihamishia namba moja. Limeharibika. Nililifungua mara tisa, kana kwamba litanionea huruma.

Kitu chake kimoja tu kimepona: ukurasa wa shukrani. Anamshukuru Mungu, halafu eeddo, halafu wazee wa soko waliomvumilia. Mstari wa mwisho: "Namshukuru pia dada yangu Ardo, aliyenizuia kutumia flashi na kunifundisha kuweka kazi yangu yote kwenye D."

Nimeufuta. Sijui kwa nini. Kilikuwa kitu pekee kilichobaki na nimekifuta.

Jumatatu, 16 Septemba

Mbele ya darasa zima Saynab aliuliza tena. Mwalimu Mahat akaja, akaitazama skrini kama mtu anayetazama kisima kirefu. Akanigeukia. "Ardo, ni virusi?"

Nikasema, "Labda."

Ndilo neno langu pekee mbele ya darasa leo.

Alikasirika sana. Hakumkasirikia mtu, alikasirikia mwaka mzima nadhani — masomo mawili kwa mshahara mmoja. Akasema, "Wallahi, aliyepoteza kazi hii hatagusa mashine tena mpaka mtihani, na mradi wake hautatoka maabara hii. Awe nani."

Mradi wangu uko namba moja. Haujachapishwa.

Hinda akasema watu wa Liboi ni mabingwa wa magendo: sukari ikikamatwa njiani, wanaleta virusi. Darasa likavunjika kwa kicheko. Saynab hakucheka.

Wakati wa mapumziko alinivuta nyuma ya tangi la maji. "Abaayo, ni mimi." Mwezi wa nane aliweka flashi ya binamu yake kwenye namba nne, dakika mbili tu, asikilize kaswida. Tangu Alhamisi halali. Aliniomba nimsamehe kwa kuvunja kanuni yangu.

Nilimwambia flashi ya dakika mbili haifanyi hivyo. Akasema wewe ni mwema, unanipoza tu.

Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili, na tangi. Kengele ikalia.

Jumatano, 18 Septemba

Saynab amekwenda ofisini mwenyewe. Hakutumwa na mtu. Amemwambia Mwalimu Mahat habari ya flashi.

Saynab amenisimulia alivyojibu: laiti nisingekuwa nimeapa. Lakini ameapa mbele ya wasichana thelathini na wawili. Saynab hataingia maabarani tena.

Alinisimulia bila kulia. Alisema sasa kifua ni chepesi.

Changu kimechukua mzigo wake na wangu.

Alhamisi, 19 Septemba

Hakuna umeme. Afadhali.

Jumapili, 22 Septemba

Nilikwenda kwa eeddo yake Saynab nikiwa nimeiandika sentensi kwenye kiganja cha mkono. "Ni mimi niliyefuta diski." Maneno manne. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuyasoma.

Saynab alikuwa chini kwenye mkeka, karatasi zimemzunguka. Anachora alama za ngamia kutoka kichwani. Amefika sabini na moja. Alisema akifika mia atamwendea mwalimu tena, labda atalegea, labda atamruhusu japo mtu mwingine amchapie. "Wewe una vidole kumi," aliniambia, akatabasamu.

Eeddo alileta chai ya maziwa ya ngamia. Akasema binti yake huyu akikosa gredi ya kompyuta atakosa nafasi ya chuo cha ufundi, na mjomba wake ameshasema: kama si chuo, arudi Liboi akae dukani. Alisema bila lawama. Akanisukumia sukari. "Kunywa, injinia wetu. Saynab hamalizi siku bila kukutaja."

Nilikunywa. Kikombe kilikuwa cha moto na mkono ulitoa jasho. Nilipotoka, kwenye kiganja palibaki neno "diski" tu.

Jumanne, 24 Septemba

Mtihani wa majaribio wa vitendo. Muda ni saa mbili na nusu. Swali la kwanza jedwali la mishahara, la pili hifadhidata ya maktaba. Nilimaliza kabla ya wote. Mikono ilifanya kazi yenyewe, mimi sikuwepo.

Kiti cha namba nne kilikuwa kitupu. Mwalimu amesahihisha hapo hapo kwa mwongozo, na mimi ni wa kwanza. Asilimia tisini na nne. Akasema igeni mfano wa Ardo — msichana asiye na maneno mengi, lakini kazi yake ni safi.

Nilizima mashine, nikatoka kabla ya kengele.

Nimefikiri jinsi ya kusema bila kusema. Barua isiyo na jina. Guleid ampigie simu mwalimu. Nikohoe damu, nilazwe. Yote ya kitoto. Namjua Mwalimu Mahat: hafungui kiapo ila aonyeshwe mkosaji mwingine wa kumfunga nacho. Kuna mlango mmoja, na mimi ndiye niliyesimama mlangoni.

Jumatano, 25 Septemba

Saynab amefika alama mia moja na tatu. Alikwenda ofisini na karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki. Mwalimu alizitazama moja moja, mpaka ya mwisho. Akasema ni kazi nzuri. Akamrudishia.

Mradi wangu umechapishwa leo. Kurasa arobaini na sita. Bado ulikuwa na joto la mashine nilipoushika. Umefungwa kabatini kwa Mwalimu pamoja na ya wengine.

Alhamisi, 26 Septemba

Naandika nikiwa ofisini kwa Mwalimu Mahat, daftari hili liko chini ya karatasi nyingine. Ni saa kumi kasoro. Amekwenda kuswali Alasiri.

Aliniita kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kesho miradi inaondoka. Kwa kila mwanafunzi asiyekabidhi kuna fomu ya kujazwa, na mkuu wa maabara anatia sahihi kama shahidi. Fomu ni moja tu. Alinisomea namba ya mtihani ya Saynab polepole, tarakimu kwa tarakimu, nami nikaiandika. Kisha jina lake la kwanza, la baba, la babu. Mwandiko wangu haukutetemeka. Hilo limenitisha.

Mstari unaofuata ni wa sababu. Akasema andika alivyosema mwenyewe, mimi naogopa kuchelewa swala. Akatoka.

Sababu. Mistari miwili mitupu.

Saynab yuko nje, kwenye benchi. Ameambiwa asubiri, naye atatia sahihi. Mlango uko wazi kwa ajili ya upepo. Ameniona nimekaa, kalamu juu.

Ameingiza kichwa. "Abaayo, mbona kalamu imesimama? Andika tu."

Nikasema naandika.

"Andika ni flashi. Usinionee haya. Nimeshasema mwenyewe, wewe unanakili tu." Halafu akanicheka kidogo, kama dada mkubwa. "Uso wako! Ungedhani ni wewe unayerudi Liboi."

Nilimwita. Jina lake lilitoka. Akasema "Haa?" akangoja — kweli alingoja, mkono kwenye fremu ya mlango. Nikamuuliza kama ana kiu.

Amekwenda kuniletea maji.

Nimeanza mstari. Nimeandika "Kazi ilifutwa na mwanafunzi". Hadi hapo ni kweli. Hadi hapo hakuna anayeweza kusema nimedanganya. Kalamu imesimama baada ya hilo neno, pale jina linapofuata, wino umeanza kufanya doa.

Namsikia Saynab anarudi na bilauri, anatembea polepole asimwage. Nyuma yake viatu vya Mwalimu. Anamuuliza kama Ardo amemaliza. Saynab anajibu kwa niaba yangu, ndiyo maalim, bado jina tu