Mama, Nakusubiri Hapa

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu amekufa. Leo asubuhi, hospitalini. Moyo. Alikuwa anaongea, akanyamaza.

Jumatano, 5 Juni
Tumezika. Mama mkwe hakulia. Kakaa kwenye kitanda chetu, upande wa binti yake. Tumemwacha.

Ijumaa, 7 Juni
Simu ya mama mkwe imelia. Akaniita — baba, nisomee, macho yangu haya! Nikaangalia. Picha ya mke wangu, anacheka, kajifunga kitambaa chake cha bluu. Chini imeandikwa: Mama, nakusubiri hapa. Njoo!
Nikasoma. Nilitakiwa kunyamaza. Nikasoma.
Ni tangazo la lile duka la kwenye simu. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, anafanya kazi huko, anatengeneza kurasa zao. Mwaka jana alituomba wote tujiunge, aonekane kazini. Dada yake akaweka picha. Duka likachukua namba zote za kwenye simu yake, na majina kama alivyoyaandika. Ndiyo maana limesema Mama.
Sasa yeye yuko chini, picha inauza masufuria!
Nilimweleza mama mkwe ni biashara tu. Akasema, biashara inamjuaje mama yake? Hakula.

Jumamosi, 8 Juni
Jirani kapata pia. Kaja mbio, kashika simu kama kashika nyoka. Eti, mwambie mkeo sina hela na kufa sijataka! Kisha akalia.
Nimechukua simu ya marehemu niifunge hiyo akaunti. Kitufe cha kununua kikubwa kama kigae cha sakafu. Cha kufunga — kidogo, kijivu, huko chini kabisa. Nikabonyeza. Una uhakika? Marafiki watakukosa. Ndiyo. Ikauliza tena. Ndiyo, jamani! Mwisho ikasema: mwenye akaunti aangalie kamera, tuone uso.
Nikafukue?
Mama mkwe anakunywa maji tu. Kaomba nguo zake zipigwe pasi. Anasema haendi kwa mwanawe na nguo zimekunjamana.

Jumapili, 9 Juni
Shemeji kaja na begi lake la kompyuta. Nimemwonyesha. Akakaa chini, sakafuni.
Akaniambia: shemeji, hayo maneno niliyatunga mimi.
Walijaribu maneno mengi, akasema. Hilo nakusubiri ndilo lililowarudisha watumiaji. Watumiaji hivi, watumiaji vile. Nikamuuliza, nani anamtumia nani hapo? Akasema hakuna aliyefikiria mtu atakufa.
Watu hufa, bwana. Hata wenye simu.
Anaweza kuyazima? Anaweza, hapahapa. Lakini yatazimika kwa wote. Bosi alishakataa, maneno yanaleta wateja. Akizima kwa siri, kazi hana. Na mkewe ni mjamzito.
Nikamwambia, mimi hayo siyajui. Mama yako hali chakula. Nenda kamwambie ni nani anayemwita.
Akasema kesho.

Jumatatu, 10 Juni
Mama mkwe kavaa zile nguo. Kakaa kitandani, mkoba mapajani.
Shemeji kapiga magoti. Mama, si dada. Ni mimi niliandika. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwaangalia, sikuingia.
Mama mkwe kamwangalia sana. Nikadhani atampiga. Akauliza — na mama za watu? Nao umewaita?
Shemeji kafungua kompyuta, kaiweka sakafuni. Mikono kaitia kwapani.
Simu ikalia. Picha ileile. Kitambaa kilekile cha bluu. Mama mkwe hakunipa mimi safari hii. Akamnyooshea mwanawe.
Haya, itika. Ni wewe umeniita.
Kaichukua. Mpaka sasa kaishika. Kompyuta iko wazi mbele yake, hajaigusa.
Nimepakua chakula, sahani tatu. Kimepoa. Nimepangusa buti zangu za kazi.
Kesho narudi kazini.