Kalamu ya Dhahabu Imegoma

Nyumbani, chumba cha uani,
Alhamisi alasiri.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepoa? Sisi wazima, ila Mama goti linamsumbua, na mimi roho haitulii. Nakaa, nainuka, nakaa tena. Si bure uliniita Kiherehere.

Harusi ya kitindamimba wetu ni mwezi ujao. Kadi zote nimeziandika kwa mkono, kwa kalamu ya wino wa dhahabu uliyoniletea. Imebaki moja tu, na kalamu imegoma!

Hapa nimeinuka kuichungulia kalamu. Bado haitoi wino.

Wala si uzembe wangu. Kalamu hizi huwa nazilaza, maana ukizisimamisha wino unashuka wote chini. Sasa Mama na usafi wake kanifanyia hisani: kazisimamisha kalamu zangu kwenye glasi, ncha juu, kama maua ya mezani. Nikang'aka. Akasema, "Mimi nilidhani nakusaidia, mwanangu." Nikaenda kuosha vyombo kwa kishindo.

Nimeitumbukiza ncha kwenye maji ya uvuguvugu, nikaifuta kwa kitambaa, nikaifunika na kuilaza. Na ile ya pili uliyoniletea, niliyoificha kabatini nisiimalize? Hiyo ndiyo imekufa kabisa, haijaandika hata nukta. Kumbe kalamu inauawa na kukaa bure. Nimejionea ubahili wangu!

Bibi harusi anataka niandike kadi hiyo kwa kalamu yoyote, yaishe. Ng'o! Kadi yenyewe ni yako, Kaka, na mpaka leo hujasema kama unakuja. Mama anatandika kitanda chako kila asubuhi na hataki mtu akikalie. Nikiliona shuka lilivyonyooka, naogopa. Nakwambia kweli.

Ngoja kidogo.

Imetoka! Kwanza maji matupu, halafu dhahabu. Nimeliandika jina lako mbiombio kabla haijabadili nia. Herufi ya mwisho imepinda, usiniseme. Kadi nimeitia humu humu.

Msalimie yule fundi saa unayekaa naye. Mama, baba mdogo na bibi harusi mwenyewe wanakusalimu sana. Mungu akulinde njiani. Ndiyo, nimesema njiani. Njoo ulivuruge hilo shuka.

Wako akupendaye, aliyekwisha kuinuka tena,
Kiherehere